Kibanio cha Mjomba

Tarehe 11 Januari

Kwako Tochi, binti wa marehemu dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umevaa koti, maana nasikia baridi ya huko kwenu haina adabu. Sisi huku hatujambo. Waziri wangu wa Mambo ya Ndani, yaani mkazamjomba wako, anakusalimu sana. Cherehani yake imeanza kuruka nyuzi na lawama zote zimenishukia mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayeshona magauni. Mke wa jirani kajifungua pacha, na jirani mwenyewe anatembea barabarani utadhani kazaa yeye. Paka wetu kahama. Nadhani kachoka kusikiliza vikao vya baraza la mawaziri.

Unauliza mbona simu yangu haipatikani. Simu imeharibika, mwanangu. Ilitumbukia kwenye ndoo, ikanywa maji ikalewa. Ya Waziri usihangaike nayo, anaizima ili wateja wasimuulize magauni yao. Nimeona tuandikiane kama watu wenye heshima zao. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kaparura, lakini wewe nilikufundisha kusoma maandishi mabaya kuliko haya kwenye vibati vya pampu.

Sasa jambo lenyewe. Nimekwenda kwa daktari wa moyo kama ulivyoniamuru. Ni kijana, ana kitambi cha mtu mwenye raha zake. Kanipaka mafuta ya baridi kifuani, kanipitishia kile kidude chake, kisha kaniambia taratibu, kama anayetangaza msiba, kwamba vali moja ya moyo wangu inavuja. Nikacheka. Nikamwambia, daktari, mimi nimeteremsha pampu kwenye visima vya nchi nyingi kuliko mihuri iliyomo kwenye pasipoti yangu, na nyingine tuliingia bila mhuri. Vali ya kisima ikivuja, mota inahangaika, maji yanapanda kidogo, halafu yanarudi chini. Akasema ndivyo hivyo hivyo, ila kinachorudi hapa ni damu, na inarudi upande wa mapafu.

Nikasema basi tung'oe bomba tubadilishe vali. Akasema kwa umri wangu na figo zangu kifua hiki hakifai kupasuliwa. Hapo ndipo akataja kitu chenu. Kibanio kidogo kinachopitishwa ndani ya mpira mwembamba, kutoka mshipa wa paja mpaka moyoni, kikaibana vali isivuje. Nikasimama. Nikamwambia, "Daktari, anayekipima hicho kibanio ni mwanangu." Nadhani mpaka jikoni kwa hospitali walisikia.

Anasema bado kiko kwenye majaribio, hospitali yetu ni mojawapo ya zinazojaribu, na wagonjwa wanachaguliwa. Nimemwambia mimi sijawahi kuachwa kwenye kuchaguliwa. Usiwe na wasiwasi. Ngazi napanda, chakula nakula, Waziri namjibu.

Mimi mjomba wako,
Bingwa wa Visima

*

Tarehe 8 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo. Koti nimevaa, na bado baridi inaingia. Msalimie sana mkazamjomba, mwambie asikubali ukaifungua ile cherehani, nakumbuka ulichoifanyia redio. Chumba changu kipya kiko juu ya duka la mkate, kwa hiyo naamka na njaa kila siku. Mwenye nyumba ni mama mmoja mkali anayehesabu mara ninazofungua bomba la maji. Mngeelewana sana au mngeuana.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Wewe ulicheka. Mimi nilikaa chini.

Naomba nikueleze ninachokifanya, maana najua huko umeshawaambia watu nimekivumbua mimi. Sijavumbua chochote. Mbele yangu kuna tangi la maji ya chumvi yenye joto kama la mwili. Ndani yake kuna vali ya bandia, na juu yake kimebanwa kibanio. Mashine inasukuma maji mchana na usiku, vali inafunguka na kujifunga, ili kibanio kipate mapigo ya miaka mingi ndani ya miezi michache. Baada ya muda nakitoa, nakiweka chini ya darubini, natafuta pale kinapochoka. Ndiyo kazi yangu yote. Ni kama zamani, nilipokuwa nakushikia tochi wewe ukikagua vali, ila sasa hakuna anayenitukana taa ikihama.

Mjomba, nakuomba kitu kimoja. Watakuuliza maswali. Unapumuaje ukilala, unachoka ukifanya nini. Wajibu ukweli. Siyo ukweli wa kwenye baraza, ukweli wa kwa mkazamjomba.

Na nakwambia mapema usije ukashangaa. Ikifika mwezi wa tano hujawekewa, naacha kazi hii nakuja kukuuguza. Simu mpelekee fundi mwingine.

Wako,
Tochi

*

Tarehe 15 Machi

Tochi mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na nyingine kutoka kwa paka, ambaye karudi bila kuomba radhi. Pacha wa jirani wanalia kwa zamu, mmoja akinyamaza anampokeza mwenzake. Cherehani sikuigusa. Niliitazama tu, ikapona.

Habari ya hospitali ndiyo hii. Walinipima damu, mkojo, na picha za moyo. Halafu wakanipeleka kwenye korido moja ndefu, sakafu inang'aa, wameweka kiti huku na kiti kule. Muuguzi ana saa mkononi. Kazi yako ni kutembea kati ya viti hivyo kwa dakika sita, wao wanapima umbali. Pembeni kuna benchi limejaa akina mama wanaosubiri dawa. Na mwenzangu wa kupimwa siku hiyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu, mkanda umepanda mpaka kifuani, anayesalimia kama anakupa alama.

Sikwambii mengi. Yule mwalimu aliachwa kama nguzo za umeme zinavyoachwa na gari. Nilikuwa nageuka kwenye kiti kwa mguu mmoja. Akina mama wakaanza kunihesabia, mmoja akasema huyu mzee kaja kutibiwa au kaja kuoa. Muuguzi akaniambia, baba, tembea mwendo wako wa kawaida. Nikamwambia huu ndio wa kawaida, wa haraka nimeuacha nyumbani.

Kwenye maswali nilijibu vizuri pia. Daktari akaandika, akanitazama, akaandika tena. Amesema nitaambiwa.

Kwa hiyo tunasubiri. Mambo haya yana foleni zake, unajua mwenyewe. Habari ya kuacha kazi isiandikwe tena kwenye barua inayoingia nyumba hii. Waziri aliisoma akakaa kimya siku nzima, na kimya chake ni kibaya kuliko hotuba zake.

Bingwa

*

Tarehe 27 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nzito. Nawasalimu wote, na pacha, na paka. Mama mwenye nyumba kaniwekea ndoo chini ya bomba ili nione ninavyopoteza maji. Mkate wa chini bado unanukia, ila siku hizi sina hamu.

Nimefurahi umemshinda mwalimu mkuu. Nimefurahi kidogo tu. Barua yako inasema nitaambiwa, halafu haisemi uliambiwa nini. Kama wanakuchelewesha, usimlaumu daktari wako wala muuguzi. Wakati mwingine kuna sababu ambazo hata wao hawazijui.

Siwezi kuandika mengi juu ya kazi. Tunakatazwa.

Unalalaje? Mito mingapi? Miguu inavimba? Niandikie hayo, mengine acha. Mwezi wa tano ndio huu unaingia, na nilichosema nilikisema. Barua ya kuacha kazi nimeshaianza.

Nimepiga tena simu yako. Inaita, Mjomba. Iliyoharibika huwa haiiti.

Tochi

*

Tarehe 20 Mei

Tochi, binti wa dada yangu, jicho langu,

Chana hiyo barua ya kuacha kazi. Keti, vuta kiti, ikibidi mwite na huyo mama wa ndoo asikie. Nimewekewa.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Waliniamsha asubuhi, wakanivalisha lile gauni la hospitali linalofunika mbele na kuacha nyuma kwa wananchi wote. Taa kubwa, watu wamefunika nyuso. Nikalazwa usingizi, na nilipoamka kazi imekwisha. Kidonda kiko pajani, kidogo kama nimeumwa na mdudu. Daktari akanionyesha kwenye kioo, kibanio chako kinapiga saluti kila moyo unapodunda. Nikawaambia kimepimwa na mwanangu, mkitoe taratibu siku ya mazishi yangu mkirudishe kazini kwao, watakuta hakina hata mkwaruzo.

Sasa nalala mto mmoja. Miguu inaingia kwenye viatu. Jana nimemfukuza paka mpaka getini. Waziri anatabasamu mpaka wateja wanaogopa.

Kwa hiyo usije. Kaa hapo ulipo, fanya kazi yako, wengine wanakusubiri. Simu inaita lakini haisikiki ukiipokea, ni ugonjwa mpya.

Bingwa wa Visima na sasa wa Hospitali

*

Tarehe 14 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mkazamjomba hajambo? Pacha je? Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeichana barua ya kuacha kazi siku ile ile uliyoniambia, kabla sijamaliza kusoma yako. Kisha nikamaliza kusoma, nikaangalia tarehe.

Sasa nitakwambia nisichoruhusiwa kusema. Katikati ya mwezi wa nne nilitoa kibanio kimoja kwenye tangi. Kilikuwa kimefanya vizuri, namba zake zote nzuri, mwenzangu wa zamu alishasema kiko sawa. Nikakigeuza kwenye mwanga kama ulivyonizoesha, siyo kukitazama usoni, bali kuuacha mwanga uje kwa ubavu. Nikaona ufa kwenye mkono mmoja, mwembamba kuliko unywele. Kama nisingekigeuza, hakuna ambaye angeuona.

Nilikaa na kile kibanio muda mrefu. Nilijua nikisema, hospitali zote zitasimama. Nilijua upo kwenye foleni. Nilijua ukilala unavyolala, ingawa hukuniambia. Nikaenda kwa msimamizi nikasema.

Wakasimamisha siku hiyo hiyo. Tangu hapo mpaka ninapokuandikia, Mjomba, hakuna mtu hata mmoja aliyewekewa, kwenu wala popote. Jumatatu uliyoandika hakukuwa na kibanio cha kukuwekea.

Sijakasirika. Najua ulitaka nisiache kazi. Nataka tu kujua umekuwaje. Maana kama ulikuwa unasubiri zamu yako, basi aliyekufungia mlango ni mimi, na mikono hii ndiyo nalia nayo kila nikiirudisha kwenye tangi.

Na simu siyo mbovu. Nafikiri hutaki nisikie unavyopumua.

Tochi

*

Tarehe 3 Julai

Mwanangu,

Salamu utazipata mwisho leo.

Barua yako imenikuta nimekaa kitandani, nimeegemea ukuta, maana mito imekwisha nyumba nzima. Nimesoma, nikampa Waziri akasoma. Akaniambia, "Sasa utamwambia, au niandike mimi?" Basi naandika mwenyewe.

Futa machozi, Tochi. Hukufunga mlango wowote. Mimi nilikuwa nimeshatolewa nje mwezi mmoja kabla hujauona huo ufa. Siku tatu baada ya ile korido daktari aliniita. Akasema, baba, tunashukuru, ila majaribio haya ni ya watu ambao moyo unawazuia kutembea, na wewe umetembea kama kijana, tena maswali yote umejibu huna shida. Hatuwezi kukuingiza. Mwalimu mkuu ndiye aliyeingia. Yule niliyemwacha kama nguzo.

Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu mimi ni mjinga wa aina yangu mwenyewe. Maisha yangu yote nimechaguliwa kwa kupangwa mstari. Tulipokuwa tunatafuta kazi ya kuchimba, mkubwa wa kambi anaweka bomba la chuma chini, anasema nyanyueni. Anayenyanyua anapanda gari, anayeyumba anarudi kwao. Hakuna mahali duniani nilipowahi kuchukuliwa kwa sababu sikuweza. Nikaona viti viwili, muuguzi na saa, nikasema hapa ndipo. Asubuhi ile nilimeza vidonge vya kukojoza mara mbili ya nilivyoandikiwa, ili niwe mwepesi. Akina mama waliponihesabia ndiyo nikaharibikiwa kabisa.

Nilipotoka pale nilikwenda nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka, nikakaa chini. Sikuweza kusimama. Mfagizi mmoja akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia kifungo cha shati.

Ningeweza kurudi kusema ukweli. Kila juma nilivaa shati ili niende, kila juma nikalivua. Ningesemaje? Kwamba Bingwa alidanganya kwenye kutembea? Halafu ukaandika unaacha kazi. Nikaona bora uwe na mjomba mwongo kuliko uwe na mjomba mzigo.

Lakini hilo la ufa, hapo nisikilize vizuri. Umefanya sawasawa. Ungekinyamazia, kikateremshwa kwenye kifua cha mtu, hata kama mtu huyo ni mimi, nisingekuita tena mwanangu. Nilikuonyesha mwanga wa ubavu ukiwa mdogo hata tochi hujui kuiwasha. Waziri anasema hajawahi kuniona nimelia na kutamba kwa wakati mmoja. Nimewaambia jirani, daktari, na mpaka yule mwalimu mkuu, ambaye na yeye anasubiri kwa sababu yako, na amesema umefaulu.

Ndiyo, ni kupumua. Sikutaka usikie.

Kila mtu anakusalimu.

Mjomba wako

*

Tarehe 25 Julai

Shikamoo Mjomba,

Kifungo. Nimecheka mpaka mama mwenye nyumba akapanda kuuliza, akanikuta nalia, akashuka akaniletea chai. Nadhani hata maji hatayahesabu wiki hii.

Sikiliza. Mkono wa kibanio umebadilishwa, umekuwa mnene kidogo. Nimeupima mwenyewe kwa mwanga wa mbele, wa ubavu na wa nyuma. Mwezi ujao hospitali zinafungua tena. Nenda kwa daktari wako na mkazamjomba akiwa pembeni. Mwambie yote, hata vidonge. Akisema upimwe upya, nenda kwenye ile korido, na nakusihi, tembea kama unavyokwenda msalani nyumbani wakati hakuna anayekutazama. Akina mama wakikuangalia, waache waone.

Kazi siachi, usiogope. Nimeomba likizo tu, nimepewa mwishoni mwa mwezi wa tisa. Nakuja na koti langu ulione.

Tochi

*

Tarehe 2 Septemba

Tochi,

Anayeandika leo ni Waziri. Mimi nasema, yeye anatia wino, na nimemwonya asipunguze sifa zangu. (Amezisema nyingi, nimepunguza. Hatujambo, mwanangu. Nakukumbuka sana.)

Nilikwenda. Nilisema yote, vidonge na mapipa ya taka. Daktari hakunigombeza. Alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Akanipeleka kwenye korido. Viti vile vile, muuguzi yule yule. Benchi limejaa wengine, hawanijui. Nilitembea mwendo wangu wa kweli kama ulivyoniagiza, wala sikulazimika kuigiza. Sikukifikia kiti cha pili. Niliegemea ukuta, muuguzi akaizima saa yake akanishika kiwiko, na hakuna aliyenihesabia. (Mimi nilikuwepo. Alisema "samahani" kwa muuguzi. Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mtu.)

Kisha picha za moyo. Daktari anasema moyo umetanuka. Ile miezi umehangaika peke yake, umekuwa mkubwa, na majani mawili ya vali yameachana mno, kibanio hakiwezi kuyashika yote mawili. Nimeelewa vizuri sana. Bomba likishapanuka hata vali mpya haikai. Mwezi wa tatu nilikuwa mzima mno, mwezi wa nane nimekuwa mgonjwa mno. Pale katikati, pale penyewe walipokuwa wananitaka, nilikuwa nyumbani nakuandikia habari za Jumatatu.

Usiseme ni wewe. Tumeshalimaliza hilo. Mwalimu mkuu kawekewa wiki iliyopita, kile kinene cha mkono wako. Alikuja kuniona. Alitembea kutoka getini mpaka kitandani kwangu bila kupumzika, kisha akasimama pale kaona haya. Nikamwambia aende mpaka dirishani arudi, nimwone tena. Akaenda akarudi. Mwendo mzuri, Tochi. Nilimhesabia.

Nimepewa dawa nyingine na maneno ya upole. Maneno ya upole kutoka kwa daktari unajua maana yake. (Anasema nisiandike hivyo. Nimeandika.)

Mwisho wa mwezi wa tisa ni mbali kidogo. Kama wanaweza kukuruhusu mapema, waombe. Kama hawawezi, si kitu, nitajitahidi, mimi sijawahi kumkosa mgeni.

Ila kuna kitu kimoja kinaweza kufanyika leo hii. Waziri kaitoa simu yangu kabatini, kaichaji, imewaka taa zake zote. Haijawahi kuingia kwenye ndoo hata siku moja. Nimeiweka hapa kifuani.

Piga, mwanangu. Nitaipokea. Nitakuwa nasema neno, kisha kutakuwa na kimya, kisha neno jingine. Usikate ukidhani nimeondoka. Ni mimi huyo, navuta pumzi.